Kompyuta Inasema Imefika

Siku Burulcha-eje alipomfokea mkuu wetu mbele ya watu kumi na wawili, mimi nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, na sikusema neno la maana. Nalitanguliza hilo, kwa sababu nikilichelewesha nitapata kisingizio cha kuliruka.

Tuko Bishkek, mji mkuu wetu, maabara ya kifua kikuu, ghorofa ya pili. Kazi yangu ni kupaka rangi. Makohozi ya mgonjwa yanasambazwa juu ya kioo chembamba, mimi nayamwagia rangi nyekundu, naipasha moto, naisuuza kwa asidi, namalizia na buluu. Bakteria wa kifua kikuu ni wabishi. Wekundu wakishaunywa hawautemi hata kwa asidi. Kwa hiyo msomaji akiinamia hadubini anaona buluu tupu, na wao katikati yake, vijiti vyembamba vyekundu.

Burulcha alikuwa mmoja wa wasomaji watatu. Tunamwita eje, dada mkubwa, hata walio na mvi kumzidi. Amesoma vioo miaka ishirini na saba, na jicho lake la kulia limebaki na mkunjo kama wa mtu anayekaribia kucheka. Asikudanganye mkunjo huo.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule wafadhili walituletea mashine. Ni hadubini, ila ina mota tatu: mbili za kusogeza meza yake kushoto na kulia, mbele na nyuma, na ya tatu ya kuipandisha na kuishusha mpaka picha iwe wazi. Juu yake kuna kamera, pembeni kompyuta. Unapanga vioo vinane kwenye trei, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Yenyewe inapiga picha mia tatu kwa kila kioo, inahesabu vijiti vyekundu, inatoa jibu. Wasomaji wenzake wawili wakaondolewa. Gulsaira alipelekwa zahanati ya Kara-Balta, mwingine akastaafishwa. Burulcha-eje akabakishwa ailishe mashine vioo.

Na mtu asikwambie kwamba aliichukia. Mwezi wa kwanza mzima alikuwa akisoma kioo kwa macho yake, kisha anaipa mashine, kisha analinganisha. Mwisho akaipigapiga begani, pale kwenye kamera, akasema, "Huyu bibi anaona vizuri. Acheni afanye kazi."

Kuanzia Oktoba majibu yenye ugonjwa yakaanza kupungua. Mkuu wetu, Mairambek Sadyrovich, alifurahi sana. Alichapisha mchoro wa mstari unaoteremka kama mtoto kwenye theluji, akaubandika karibu na mlango, wageni wauone kabla hawajavua makoti.

Desemba akaja Tursunai. Alikuwa mpishi wa chekechea mtaa wa Alamedin, mwanamke mnene zamani, sasa koti linamning'inia. Ilikuwa mara yake ya tatu kwenye kidirisha chetu, na chupa yake ya makohozi mkononi.

"Dada zangu," alisema, "mmeniambia sina, mara mbili. Haya, sina. Sasa hiki kinachonitoka kifuani ni nini, supu?"

Burulcha-eje akamtazama. "Kazini unaenda?"

"Kwa nini nisiende? Daktari anasema ni mkamba. Karatasi yenu inasema sina kitu. Watoto sabini na mmoja wanasubiri uji."

Burulcha-eje alipokea chupa, akafunga kidirisha, akaenda moja kwa moja kwenye masanduku ya vioo vya zamani. Huwa tunavihifadhi. Alikitoa kioo cha Tursunai cha Novemba, akakiweka chini ya hadubini yake ya zamani, ile ambayo meza yake inasogezwa kwa mkono. Aliinama. Hakuinuka muda mrefu.

"Jypar, njoo hapa."

Nikainama na mimi. Vijiti vyekundu vilikuwa vimejaa, kama njiti za kiberiti zilizomwagika sakafuni.

"Mashine ilisema ngapi?" nikauliza.

"Sifuri," akasema. "Sifuri! Mara mbili!" Alipiga meza kwa kiganja mpaka vioo vikalia. Siku hiyohiyo aliandika jibu kwa mkono wake, akaweka saini yake, akampeleka Tursunai kwa daktari mwenyewe, wakipita kwenye barafu wameshikana mikono.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, palikuwa na kikao. Burulcha-eje aliweka kile kioo mbele ya Mairambek Sadyrovich, juu kabisa ya karatasi zake.

"Mashine imepofuka," alisema. "Tuisimamishe leo, tutafute kosa."

Mkuu hakukigusa kioo. "Mashine imefanyiwa matengenezo Oktoba. Mashine haina umri, Burulcha Kasymovna. Wewe unao."

"Macho yangu yana umri, ndiyo. Na yameona. Weka jicho lako kwenye hadubini uone."

"Labda rangi ni mbaya." Akanigeukia. "Jypar, rangi yako ina shida?"

Nilijua rangi yangu haina shida. Nilijua nilichokiona jana. Na nilijua mkataba wangu unaisha Februari, na nina watoto wawili, na mume wangu yuko Urusi kwenye ujenzi na ameacha kupiga simu.

"Sijui, agai," nikasema. Agai ndivyo tunavyomwita, kama mwalimu.

Hapo ndipo Burulcha-eje alipolipuka. "Hujui? Huyu ni mpishi wa chekechea! Anawapulizia watoto sabini uji, na sisi tumempa karatasi yenye muhuri! Wewe na mstari wako ukutani! Mstari unateremka kwa sababu mashine haioni, siyo kwa sababu watu wamepona!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Mairambek Sadyrovich akatabasamu, akawatazama wengine. "Tangu mashine ije, mwenzetu anaiangalia kama mke mwenza."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

"Mke mwenza anayefanya kazi ningemshukuru," Burulcha-eje akasema, sauti imeshuka ghafla, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele. Akachukua kioo chake, akatoka.

Nilimkimbilia ukumbini. Hakusimama.

"Ulimeza ulimi wako, au uliuacha nyumbani?"

"Eje, mkataba wangu—"

"Nenda zako, Jypar. Nenda kanywe chai."

Mchana ule alimpigia simu Daulet, fundi wa kampuni iliyoiuza mashine, kijana anayekaa Almaty, ng'ambo ya mpaka. Aliweka simu kwenye spika, mikono yake iwe huru, kwa hiyo nilisikia yote.

"Eje, zima, subiri dakika moja, washa."

"Nimezima nikawasha mara tisa. Nimekwambia inatoa picha za ukungu."

"Angalia waya za mota, zimekaa vizuri?"

"Zimekaa."

"Basi niingie kwenye kompyuta yako kutoka huku." Kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye skrini. "Naona kila kitu ni kijani, eje. Mota ya kupandisha inaagizwa iende mahali fulani, inajibu imefika. Kompyuta inasema imefika."

"Imefika wapi?"

"Mahali ilipoagizwa."

"Nani ameona?"

"Eje, ni kompyuta."

"Kijana, mimi nikimwambia mwanangu nenda dukani, halafu nikaandika kwenye daftari 'ameenda dukani', mkate utakuja?"

Akacheka kidogo. "Umegusa kitu, eje? Sema tu, hakuna atakayekugombeza."

Alikata simu. Shingo yake ilikuwa nyekundu kuliko rangi yangu.

Kwa kuwa hakuna aliyemruhusu kuisimamisha mashine, hakuomba tena ruhusa. Alibandika karatasi juu yake: IMEKUFA. Akaanza kusoma vioo vya kila siku kwa macho, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tano, kisha saa zilizobaki anaichokonoa mashine. Siku nne hakunisemesha isipokuwa kazi. "Nipakie vioo vinane kutoka chupa moja, yenye bakteria wengi. Vyote vifanane." Nikampakia vinane, kwa uangalifu kuliko ninavyompikia mgeni.

Alivipanga kwenye trei, akabonyeza. Kioo cha kwanza mashine ilihesabu mia nne na kumi na mbili. Cha pili, mia tatu tisini na nane. Cha tatu, mia na arobaini. Cha nne, tisa. Kuanzia cha tano, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Akaigeuza trei, cha nane kikawa cha kwanza. Cha kwanza tena kikasomeka vizuri, cha mwisho tena sifuri. Aliandika kwa penseli mgongoni mwa bahasha: *Si kioo. Si rangi. Si mahali kwenye trei. Ni zamu.*

Alipoandika "si rangi" aliinua macho akanitazama. Niliinamia sinki.

Akabadilisha taa, akaweka ya akiba. Vilevile. Akaishuku kamera, basi mashine ilipofika kioo cha nane akaisimamisha, akatazama kwa jicho lake mwenyewe kwenye bomba la pembeni. Ukungu. "Kamera haina kosa," akasema, akiiambia hewa tu. "Inapiga picha ya ukungu kwa sababu kuna ukungu." Kisha akashika gurudumu la kupandishia meza, lile la ubavuni, akalizungusha kwa vidole, unywele mmoja tu. Vijiti vyekundu vikajitokeza vyote, wazi kabisa. Meza ilikuwa chini ya pale kompyuta ilipodhani ipo.

Akabadilisha waya wa mota ile na wa mwenzake. Vilevile. Akasikiliza mota kwa kuweka sikio kwenye chuma: inalia, inazunguka, haikwami.

Siku ya tano, ilikuwa Jumatano kama saa nane mchana, aliniita.

"Una rangi ya kucha?"

Nilikuwa nayo, nyeupe, kwenye mkoba. Nikampa. Pale mota inapokutana na gurudumu la meza kuna kipande cha chuma kama pete nene, ndicho kinachoviunganisha viwili vile vizunguke pamoja. Burulcha-eje alichora mstari mmoja mwembamba unaokatiza mhimili wa mota, pete, na gurudumu, mstari mmoja ulionyooka. Akapuliza ukakauka. Akabonyeza.

Tulisimama pamoja tukitazama. Mashine ikimaliza kioo inashusha meza, inasogea, inaipandisha tena. Kushuka kulikuwa sawa. Kupanda, mota iliubeba mzigo wa meza, na hapo nikaona kwa macho yangu: mstari wa kwenye pete ukatangulia, mstari wa kwenye gurudumu ukabaki nyuma. Kidogo sana. Kioo cha pili, kidogo tena. Ilipofika cha tano mistari ilikuwa imeachana upana wa punje ya mchele.

"Mota inazunguka," nikasema. "Gurudumu haliifuati."

"Na kompyuta inahesabu mizunguko ya mota. Trei mpya ikiingia, inaanza kuhesabu upya kutoka chini." Aligonga skrini kwa ukucha. "Kwa hiyo kila kitu ni kijani. Kila kitu ni kijani, Jypar!"

Pete ile ilitakiwa kuwa na skrubu mbili ndogo za kuikaza. Tundu moja lilikuwa tupu. Skrubu ya pili ilikuwapo, imelegea mpaka unaizungusha kwa ukucha.

Alikwenda kwenye kabati akachomoa faili la mashine. Karatasi ya matengenezo ya tarehe tisa Oktoba ilikuwa humo. *Kiungio cha mota ya kupandisha: kimefunguliwa, kimesafishwa, kimekazwa, kimepimwa.* Saini ya Daulet. Mstari wa chini yake: *Onyo la picha zisizo wazi limezimwa kwa ombi la mteja, kwa kuwa linachelewesha kazi.* Saini ya Mairambek Sadyrovich.

Aliusoma mstari ule wa pili mara tatu. Kisha akampigia Daulet.

"Skrubu ya pili iko wapi?"

"Skrubu gani, eje?"

"Ya kiungio. Uliyoikaza na kuipima."

"Siku ile tulikuwa na maabara tatu, eje. Labda ilidondoka."

"Labda," akasema. "Na mimi nilikuwa nimegusa kitu, labda." Akakata.

Skrubu ya kufanana aliipata kwenye hadubini mbovu iliyokuwa stoo. Alizikaza zote mbili kwa kifunguo kidogo chenye pembe sita, akachora mstari mpya, akapitisha vile vioo vinane. Mstari haukuvunjika. Hesabu zikatoka mia nne na kitu, vyote vinane. Kazi yenyewe ilikula dakika ishirini.

Mairambek Sadyrovich aliposikia alikuja mwenyewe, mikono mfukoni. Alitazama mstari mweupe, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Hongera. Basi yameisha. Toa karatasi yako ya IMEKUFA."

"Na vioo vya tangu Oktoba?"

"Vipi?"

"Viko elfu moja mia sita na arobaini kwenye masanduku. Kila trei, kuanzia kioo cha tatu, ni uongo. Visomwe upya."

"Majibu yale yameshatoka. Yamesainiwa. Ripoti ya mwaka imekwenda wizarani."

"Kifua cha mtu hakijui saini yako!"

"Unataka nini, Burulcha Kasymovna? Nifungwe?"

"Nataka visomwe! Ufungwe au usifungwe, hiyo ni shauri yako na Mungu wako. Wewe ndiye uliyezima onyo. Mashine ilikuwa inapiga kelele kwamba haioni, ukaifunga mdomo kwa sababu inachelewesha!"

Uso wake ukabadilika. Hakujua kwamba tumeisoma ile karatasi. "Haya, andika wizarani," akasema taratibu. "Nani atathibitisha? Wewe na chupa ya rangi ya kucha?"

"Mimi," nikasema.

Ningependa kukwambia kwamba nilisema kwa sauti. Ilitoka kama ya panya. Lakini ilitoka, na baada ya hapo haikuwezekana kuirudisha.

"Mimi ndiye niliyepaka vile vioo vinane. Nimeona mistari ikiachana. Na kioo cha Tursunai nilikiona tangu Alhamisi ile, agai. Uliponiuliza nikadanganya kwamba sijui."

Alinitazama kana kwamba kiti kimezungumza. "Mkataba wako unaisha Februari."

"Najua unaisha lini."

Barua ilikwenda na saini mbili. Siku tisa baadaye wakaja watu wawili kutoka wizarani, wakakaa nusu saa na mashine na saa tatu na karatasi. Mairambek Sadyrovich alihamishiwa kitengo cha mafunzo, ofisi yenye zulia. Kampuni ya Daulet ilituma barua ya masikitiko na kisanduku cha chokoleti. Burulcha-eje alimrudishia dereva chokoleti palepale mlangoni, akabaki na barua kwa ajili ya faili. Mkataba wangu waliongeza miezi mitatu, halafu mitatu tena, na ndivyo ninavyoishi mpaka leo.

Vioo tulivisoma. Gulsaira alipanda gari kutoka Kara-Balta kila Jumamosi, analeta samsa, sambusa za tanuri, zilizofungwa kwenye taulo, anakaa kwenye hadubini ya pili bila kuvua kofia. Mimi nilivitafuta kwenye masanduku, nikavifuta mafuta ya hadubini, nikaandika. Kila Burulcha-eje alipokutana na chenye vijiti vyekundu kilichoandikwa sifuri alisema jina la mgonjwa kwa sauti, lote, na la baba yake. Ilipita wiki ya kwanza nikawa nayasikia majina yale hata nikikata vitunguu. Kwa jumla vilikuwa hamsini na tatu.

Tursunai alirudi kwenye kidirisha mwezi wa pili wa dawa zake. Nilidhani amekuja kushukuru. Watoto wanne wa chekechea walikuwa wamekutwa na maambukizi, na wote sabini na mmoja walipewa dawa za kinga.

"Mama zao wananitemea mate njiani," alimwambia Burulcha-eje. "Nilikuja hapa mara mbili. Mara mbili! Mkanirudisha ninyi wenyewe nikawapumulie watoto wa watu."

Wenzetu wengine wangejitetea. Burulcha-eje alisema, "Ndiyo. Tulikurudisha."

"Basi hilo tu nilitaka kusikia," Tursunai akasema, akaondoka bila kuaga.

Zilibaki simu. Hamsini na tatu, kutoa Tursunai hamsini na mbili. Wizara ilisema itatuma barua kwa zahanati za wilaya. Burulcha-eje akasema barua za wizara zinasafiri kwa punda, akavuta simu ya mezani karibu yake, akanipa orodha nimsomee namba. Wengine walilia, wengine walitukana. Alipotukanwa hakukata, alisubiri mtu amalize, kisha anampa jina la daktari wa kumwona kesho.

Namba ya thelathini na kitu ilikuwa ya mchunga kondoo mmoja wa Jumgal, kule milimani, Satybaldy, miaka hamsini na nane. Ilipokelewa na mwanamume.

"Natafuta Satybaldy," akasema Burulcha-eje. "Napiga kutoka maabara, Bishkek."

"Mimi ni mwanawe. Mnamtafutia nini?"

"Jibu lake la Novemba lilikuwa na makosa. Tulimwandikia kwamba hana kifua kikuu. Anacho. Anatakiwa—"

"Tumemzika wiki mbili zilizopita."

Niliweka penseli chini.

"Alikuwa anaitoa ile karatasi yenu anatuonyesha," yule mwanamume akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda. "Anasema, maabara ya mji mkuu imesema sina, mnanisumbua bure. Alikataa kurudi hospitali kwa sababu yenu. Sasa mnapiga simu? Sasa? Mnataka nini, aje aipokee mwenyewe? Nani alikosea huko? Nipe jina lake!"

Burulcha-eje alifumba macho. Angeweza kumpa majina mawili, na yote yalikuwa mezani mbele yake, kwenye karatasi ya Oktoba. Niliona mkono wake ukiigusa ile karatasi, kisha ukaiacha.

"Mimi naitwa Burulcha, binti Kasym," alisema. "Nilikuwa ninaiweka trei kwenye mashine kila asubuhi. Utanitukana, ni haki yako, na nitakupa anwani uje unitukane uso kwa uso. Lakini kwanza niambie: baba alikuwa analala chumba kimoja na nani?"

Upande wa pili mbwa alibweka mbali.

"Na sisi sote," akasema yule mwanamume. "Ni msimu wa baridi. Jiko liko chumba kimoja."

"Mko wangapi?"

"Saba. Mdogo ana miezi mitano."

Alinifanyia ishara ya kuandika kwa vidole. Nikaokota penseli.

"Nitajie majina," alisema. "Anza na huyo mdogo."